Porojo Zilizookoa Filamu



Naanza na maneno ya mtu mmoja wa Buenos Aires, Argentina, aliyekuwa msimamizi wa klabu ya filamu. Alisimulia kwamba zamani aliwahi kuonyesha Metropolis, ile filamu bubu ya Mjerumani Fritz Lang, na akashangaa jinsi ilivyochukua muda mrefu. Basi, hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Ni maneno ya kupitisha wakati, ambayo mtu mwingine angeyaitikia kwa "mh" kisha akaomba chumvi. Ila aliyeyasikia alikuwa Fernando Peña, mtu aliyeijua filamu hiyo vilivyo, naye alijua kwamba Metropolis iliyokuwa ikionyeshwa duniani haikuwa ndefu hivyo. Baada ya kuzinduliwa Berlin Januari 1927 filamu ilikatwakatwa, na karibu robo yake ikahesabiwa kuwa imepotea moja kwa moja. Mwaka 2008 Peña pamoja na Paula Félix-Didier, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika uongozi wa jumba la makumbusho ya filamu la mji huo, walichimbua makopo ya kanda na kukuta ndani yake takriban dakika 25 ambazo watafiti wa Ulaya walikuwa wamezikatia tamaa. Picha zilikuwa zimejaa mikwaruzo kama mvua ya masika. Mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa tena, ikiwa imekaribia kabisa urefu wake wa mwanzo.

Dai langu jioni hii linatoka hapo. Porojo za mashabiki, yaani yale mazungumzo yasiyo na ajenda, ya nani aliigiza wapi na nani alipiga gitaa kwenye santuri gani, mara nyingi zimefanya kazi ya makumbusho, ya mhakiki na ya wakala wa matangazo, tena pale ambapo wenye kazi hizo kwa mshahara walikuwa wamelala. Sisemi kwamba mashabiki husema kweli daima. Husema uongo mwingi, tena wa kuvutia, na nitaufikia.

Filamu ninazozisema zinajulikana kwa tabia yake. Sokoni zilianguka chali, magazeti yakazikejeli, kampuni zilizozitengeneza zikaziona hasara. Kisha kikundi cha watu kikazing'ang'ania, kikazitazama mara ishirini, mara hamsini, hadi kikazihifadhi kichwani. Na karibu kila mara, ukivuta uzi wa filamu ya namna hiyo, mwisho wake unamkuta mwanamuziki wa roki. Huenda ni kwa sababu waliokesha kwenye sinema hizo na waliokesha kwenye matamasha walikuwa watu walewale.

Twende New York, Desemba 1970, mtaa wa Chelsea, katika jumba la sinema lililoitwa Elgin. Mwenye kuliendesha, Ben Barenholtz, alianza kuonyesha usiku wa manane filamu ya Alejandro Jodorowsky, mzaliwa wa Chile, iitwayo El Topo: mpanda farasi aliyevaa nguo nyeusi, jangwa, damu nyingi, na mafumbo ambayo hadi leo watu wanabishana maana yake. Barenholtz hakumwaga fedha kwenye matangazo. Aliacha watu waambiane. Wakaambiana, na ukumbi ukajaa kwa miezi. Miongoni mwa waliofika walikuwa John Lennon na Yoko Ono. Lennon alitoka amewaka, akamshawishi meneja wake, Allen Klein, anunue haki za filamu ile. Klein akanunua, na akafadhili filamu iliyofuata ya Jodorowsky, The Holy Mountain ya mwaka 1973.

Sasa tazameni kilichotokea. Klein alikuwa mfanyabiashara hodari, na alidhani amenunua mali. Aliiondoa El Topo pale Elgin, akaipeleka kwenye sinema ya heshima upande wa Broadway, kwa matangazo na saa za kawaida. Ikadoda. Watu waliokuwa wakiambiana gizani kuhusu kitu chao cha siri hawakuona sababu ya kuambiana kuhusu kitu kilichobandikwa ukutani. Baadaye Klein na Jodorowsky waligombana, na Klein akazifungia filamu zote mbili kwa takriban miaka 30. Kisheria hazikuonekana. Kiuhalisia ziliendelea kuzunguka kwenye kanda za kuibia, nakala ya nakala ya nakala, picha ikiwa imefifia hadi uso wa mtu ukawa ukungu, huku kila aliyeziona akimsimulia ambaye hajaziona. Wawili hao walipopatana katika miaka ya 2000 na filamu zikatoka tena zikiwa safi, wanunuzi walikuwa tayari wamejipanga. Kuna wengi miongoni mwao waliokuwa hawajawahi kuziona hata kwa dakika moja. Walikuwa wamezisikia tu.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni The Rocky Horror Picture Show, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ni filamu ambayo kwa haki kabisa unaweza kusema ni mbaya. Ilianza kama mchezo wa jukwaani. Richard O'Brien aliuandika, Jim Sharman akauongoza, ukafunguliwa mwaka 1973 katika ukumbi mdogo wa juu wa Royal Court, London. Ni mzaha juu ya filamu za kutisha za bei rahisi, uliochanganywa na roki. Ukapendwa. Mwaka 1975 ukageuzwa filamu, Tim Curry akiwa mwanasayansi kichaa aliyevaa soksi ndefu za kike, na mwimbaji Meat Loaf akitokeza na pikipiki kwa muda mfupi kabla ya kuuawa. Filamu ikaanguka. Aprili 1976 ikahamishiwa maonyesho ya usiku wa manane katika sinema ya Waverly, Greenwich Village, New York, kama mtu anavyopeleka kitanda kibovu stoo.

Kilichotokea Waverly hakikupangwa na yeyote. Filamu ina mapengo: mwigizaji anasema neno, kisha ananyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Mtazamaji mmoja akaanza kuyajaza kwa kumjibu mwigizaji kwa sauti. Ukumbi ukacheka. Wiki iliyofuata wakajibu wawili, kisha kumi, na majibu yaliyochekesha yakabaki, yasiyochekesha yakafa. Ikafika mahali ambapo kwenye harusi ya mwanzo wa filamu watu walirusha mchele, na mvua iliponyesha kwenye picha wakajifunika magazeti huku walio nyuma wakiwarushia maji. Wengine walikuja wamevaa kama wahusika, wakasimama mbele ya pazia na kuigiza sambamba na filamu. Klabu ya mashabiki ikaundwa, na kiongozi wake, Sal Piro, akawa mtunza kumbukumbu wa majibu hayo, kwa maana yalikuwa yakibadilika kutoka mji hadi mji. Munich, Ujerumani, kuna sinema ambayo imeionyesha kila wiki tangu 1977. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazopaswa kuhifadhiwa.

Mhakiki wa 1975 hakukosea aliposema filamu inalegea katikati. Inalegea. Kinachonivutia ni kwamba kulegea kwenyewe ndiko kulikoacha nafasi ya watu kuingia. Filamu iliyokamilika haikuachii cha kusema, unaipigia makofi na kwenda zako. Ninadhani, na mtanisahihisha baadaye, kwamba kazi nyingi zilizopata wafuasi wa kufa na kupona zina ufa wa namna hii mahali fulani.

Niwaonyeshe sasa jinsi porojo yenyewe inavyotembea, maana haitembei kama makala. Chukua The Wicker Man, filamu ya Kiingereza ya 1973 iliyoongozwa na Robin Hardy. Polisi mcha Mungu anakwenda kwenye kisiwa cha Uskoti kumtafuta msichana aliyepotea, anawakuta watu wa kisiwa wamerudia miungu ya kale. Kampuni haikuijali. Ikakatwa, ikaonyeshwa kama nyongeza ya filamu nyingine. Mashabiki wawili wakiizungumza, dakika ya pili tayari wako kwa Christopher Lee, aliyeigiza mtawala wa kisiwa na kukubali kufanya kazi hiyo bila malipo. Kutoka kwa Lee wanaruka hadi santuri zake: mzee huyu alitoa albamu ya metali kuhusu mfalme Charlemagne mwaka 2010, akiwa anakaribia kutimiza miaka 88. Mmoja anakumbusha kwamba Lee yuko pia kwenye jalada la Band on the Run ya Paul McCartney na Wings, ya mwaka 1973, kati ya watu waliovaa kama wafungwa wanaotoroka. Na albamu hiyo ilirekodiwa wapi? Sehemu kubwa, Lagos. Hapo mwingine anaingilia kati: McCartney alikabwa kwa kisu huko Lagos na kuporwa kanda za majaribio, na Fela Kuti akamshutumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Kutoka kisiwa cha Uskoti hadi kwa Fela, hatua nne, na hakuna hatua moja ya uongo. Ensaiklopidia isingekufikisha hapo, kwa sababu ensaiklopidia hufuata alfabeti.

Filamu hiyohiyo ya The Wicker Man inatupa upande wa pili. Kwa miaka mingi mashabiki walisimulia kwamba kanda asili zilitupwa pamoja na takataka na kufukiwa chini ya barabara kuu ya M3 iliyokuwa ikijengwa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha. Lakini ndani ya uvumi huo mlikuwa na punje: kwamba filamu iliyoonekana haikuwa nzima. Nakala ndefu zaidi ilikuwa imepelekwa Marekani kwa mtayarishaji Roger Corman ili atoe maoni yake, na hiyo ikatumika kurejesha baadhi ya vipande. Kisha mwaka 2013 kampuni yenye haki za filamu ikawaomba mashabiki hadharani waseme wanachokijua, na nakala nyingine ikapatikana katika hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Habari ya barabara haikupata ushahidi, lakini watu waliokuwa wakiisimulia ndio walioifanya filamu iendelee kutafutwa kwa miaka 40.

Niliahidi kuufikia uongo. Oktoba 1969 mtu alipiga simu kwenye kituo kimoja cha redio cha Detroit na kusema Paul McCartney amekwisha kufa, na kwamba Beatles wameweka mtu anayefanana naye. Ushahidi? Tazama jalada la albamu yao, Abbey Road: Paul anavuka barabara pekupeku, na gari lililoegeshwa nyuma lina namba inayosomeka kwamba angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai. Alikuwa na 27, lakini hesabu haijawahi kumzuia shabiki. Ikabidi jarida la Life limfuate McCartney shambani kwake Uskoti na kumpiga picha akiwa na mkewe na watoto. Mwaka 1993 yeye mwenyewe akatoa albamu ya tamasha yenye jina la kuudhihaki uvumi huo, akarudi kupigwa picha kwenye kivuko kilekile.

Kuna na hili jingine: ukianzisha The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, sambamba na filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, muziki unaoana na picha. Waliotengeneza albamu wamekana mara nyingi. Mimi nimejaribu. Unaoana pale unapotaka uoane, na pale usipooana unasahau upesi. Sioni ubaya. Watu waliofanya jaribio hilo waliisikiliza albamu yote, mwanzo hadi mwisho, kwa umakini ambao wanafunzi wetu wa fasihi hawazipi riwaya za mtihani.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu nikimaliza bila kumtaja Farrokh Bulsara sitoki salama mlangoni. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Akasomeshwa India, Panchgani, akarudi Unguja, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London. Dunia inamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Ukimtembeza mgeni Mji Mkongwe utaonyeshwa zaidi ya nyumba moja ambayo "ndiyo hasa" aliyokulia. Tangu Novemba 2019 kuna jumba dogo la makumbusho yake Shangani, na mnajua pia kwamba sherehe iliyopangwa ufukweni mwaka 2006 ya kuadhimisha kuzaliwa kwake ilipingwa vikali na kikundi cha kidini hadi ikafutwa. Kwa hiyo hapa kwetu porojo juu yake zina uzito ambao Feltham hauko: kila anayemzungumzia anasema pia jambo juu ya Unguja, na nani ana haki ya kuhesabiwa mtoto wake.

Lakini mimi nataka kuzungumzia panga. Queen walitia muziki katika filamu mbili za aina yetu. Ya kwanza ni Flash Gordon ya 1980, iliyojaa dhahabu ya bandia na mawingu ya rangi, ambamo steringi, Sam J. Jones, aligombana na mtayarishaji hadi sauti yake ikawekwa na mtu mwingine. Ya pili ni Highlander ya 1986, kuhusu watu wasiokufa wanaowindana karne kwa karne kwa mapanga. Mwongozaji wake, Russell Mulcahy, alitokea kwenye video za muziki. Ni yeye aliyetengeneza ile ya kwanza kabisa kurushwa na MTV mwaka 1981. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alionyeshwa vipande vya filamu kabla haijakamilika, na wimbo wake mkubwa wa huzuni ndani ya filamu hiyo alianza kuutunga ndani ya gari akirudi nyumbani.

Mashabiki wa Highlander wana mzaha usiochoka. Mskoti katika filamu ameigizwa na Christopher Lambert, mwenye lafudhi ya Kifaransa. Mmisri aliyejifanya Mhispania ameigizwa na Sean Connery, ambaye ndiye Mskoti wa kweli na hakujisumbua hata chembe kuficha lafudhi yake. Na Lambert haoni vizuri bila miwani, kwa hiyo mapambano mengi ya panga alipigana akiwa kama kipofu. Filamu ilipata hasara kwenye majumba ya sinema, ikafufuliwa na kanda za video.

Hapo ndipo mashabiki walipogeuka kuwa mahakama. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1991, imepigwa picha Argentina wakati mfumuko wa bei ukiitafuna bajeti, na waliotoa fedha wakamnyang'anya mwongozaji usukani. Matokeo yake filamu ikatangaza kwamba wale wasiokufa, tuliokuwa tumeridhika kutojua walitoka wapi, walitoka sayari nyingine. Ghadhabu iliyofuata haijapoa hadi leo. Mwaka 1995 Mulcahy akatoa toleo lake mwenyewe, na ile sayari haimo tena. Miaka haiponyi filamu mbaya, wala toleo jipya halikuiponya hii. Ila nadhani ni mara chache kwa sayari nzima kufutwa kwa sababu ya watu kunung'unika.

Kwetu sisi Waswahili kuzungumza juu ya filamu hakukusubiri taa ziwashwe. Aliyewahi kukaa kwenye banda la video anajua. Tanzania tulikuwa na Lufufu, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong, India na Marekani, akitafsiri, akiongeza, akimsengenya adui na kumtetea steringi. Kenya wana DJ Afro. Uganda wasimulizi wa namna hii wanaitwa vijei, na kazi yao imezaa kitu ambacho sijakiona popote pengine. Mwaka 2010, katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilikuwa za mabaki ya chuma na mbao, milipuko ilichorwa kwa kompyuta kuukuu. Ilipowekwa kwenye intaneti ilipata wafuasi Ulaya na Marekani, watu walewale ambao baba zao walirusha mchele Waverly. Nao wanaisikia ikiwa na sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia, anayetania, anayemsifu mwongozaji katikati ya risasi.

Nakala isiyo na sauti yake haipo tena. Kompyuta ya Nabwana ilihitaji nafasi kwa kazi iliyofuata, filamu asili ikafutwa, na kilichosalia ni ile yenye maneno ya msimulizi. Huwezi kuyaondoa ukabaki na filamu. Kwa Lufufu mambo ni kinyume: filamu alizozisimulia zipo kila mahali, safi kabisa, ila sauti yake imebaki kwenye kanda za VHS zinazoota ukungu chini ya vitanda vya watu, na sidhani kuna taasisi inayozikusanya kwa utaratibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya maswali, naomba kwanza anyooshe mkono yeyote mwenye kanda hizo nyumbani, na aseme ni filamu gani.